Darubini Mbili na Shahidi Mmoja

Miaka ile ya Ujamaa nilikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani hapa Temeke, kijana wa ndevu chache na miwani minene. Jioni moja ya mwezi ishirini na tisa Shaabani tulisimama nyuma ya msikiti tukitazama magharibi, na jua lilipokuwa linazama kwenye minazi, mimi nikauona mwezi wa Ramadhani. Wenzangu hawakuuona. Imamu wetu, mzee aliyenisomesha tangu sijui alifu, akanivuta pembeni akanihoji kama ilivyo desturi: ulikuwa upande gani wa jua, na pembe zake zilielekea wapi. Nikajibu kwamba ulikuwa kushoto kidogo, pembe juu. Nikaapa. Kwa kuanza mfungo shahidi mmoja mwaminifu anatosha, nami nilihesabiwa mwaminifu, basi tukanuia.

Kesho yake Dar es Salaam nzima ilikunywa chai. Redio ilisema mwezi haujaonekana popote nchini. Mtaa wetu peke yake ulishinda na midomo mikavu, huku mtaa wa pili wakivunja jungu kwa wali na nyama, na harufu yote ikija kwetu. Mwisho wa Ramadhani, tulipotimiza thelathini, wenzetu walikuwa na ishirini na tisa na mwezi haujaandama. Imamu akasema hatutafanya Idi ya peke yetu. Tukafunga siku thelathini na moja. Hadi leo wapo watu wa Temeke wanaotuita kwa hesabu hiyo.

Aliyeumia zaidi ni muuza nyama, jirani yangu wa mlango kwa mlango. Alikuwa amechinja ng'ombe mzima machinjioni Vingunguti kwa ajili ya vunja jungu ya mtaa, na nyama ilipofika ikatukuta tumefunga. Tangu siku hiyo hakunipita bila neno.

"Maalim, hebu nitazame. Leo niko mmoja au wawili?"

"Niliuona, bwana," ningemjibu.

"Najua uliuona. Nauliza mimi."

Sikurudi nyuma. Mke wangu alinishauri kwa upole, "Baba watoto, sema ulikosea, watu wasahau." Nikamwambia siwezi kukana jambo nililoliona kwa macho yangu. Lakini imamu alikwisha toa hukumu yake: nisomeshe watoto, niadhini, nisalishe akiwa safarini, ila ushahidi wangu wa mwezi haupokelewi tena. Hilo lilinichoma. Nilikuwa nawafundisha watoto kusema kweli, na neno langu mwenyewe lilikuwa limewekwa kando. Kila baada ya sala nilimwomba Mola anirudishie neno langu.

Kwa hiyo waumini walipoazimia kununua darubini, hakuna aliyefurahi kunizidi. Siku hizo hata sabuni tuliipangia foleni kwenye duka la ushirika, sembuse darubini ya kuagiza ng'ambo. Ilibidi tutafute kwa mtu aliye nayo tayari. Zikapatikana mbili, moja Kinondoni, nyingine Kawe. Imamu akateua kamati ya watu watatu: yeye, muuza nyama kwa sababu ya pikapu yake, na mimi.

"Huyu wa nini?" akauliza muuza nyama.

"Huyu ndiye tunayemnunulia," akasema imamu.

Tulikwenda mwezi saba Rajabu, alasiri ikikaribia. Darubini ya Kinondoni ilikuwa ya mzee mmoja mwenye duka, mtu wa asili ya Kiarabu, aliyeirithi kwa babu yake. Ilikuwa ya shaba, ndefu na nyembamba, juu ya miguu mitatu. Aliielekeza nje ya dirisha la ghorofani akatukaribisha. Niliona mtu akisukuma baiskeli mbali kabisa, amesimama wima kama inavyotakiwa, ila kama aliyefunikwa chandarua, maana kioo kiliota ukungu. Muuza nyama alitazama kwa muda mrefu kuliko sote.

"Unaona nini?" imamu akamuuliza.

"Bucha la mwenzangu kule barabarani. Kidole chake kiko kwenye mizani." Akaizunguka ile darubini mara mbili, akaikamata shingoni, akaipima kwa kiganja. "Imekonda. Ukiinunua hii umenunua mifupa."

Tukaenda Kawe. Mwenye darubini ya pili alikuwa mhandisi wa Kizungu, mkataba wake umekwisha, naye anafungasha. Kiswahili alikuwa amejifunza bara, akikisema polepole na vizuri. Alituachia veranda tukaswali alasiri, kisha akatutolea mzigo wake uani. Lilikuwa bomba pana, mtoto angeweza kulala ndani, na chini yake kioo cha kuakisi kikubwa kama sinia. Jicho lenyewe, tundu la kutazamia, liko ubavuni. Muuza nyama akalipiga kofi tumboni, akasikiliza mlio.

"Huyu sasa ndiye ng'ombe," akasema.

Mhandisi akaielekeza kwenye mnazi wa mbali. Muuza nyama akainama, akasimama, akautazama mnazi kwa macho yake, akainama tena.

"Kuna mgema anapanda kwenda chini."

"Ndivyo inavyofanya kazi," mhandisi akaeleza. "Inapindua kila kitu. Kwa nyota haina tatizo. Huko hakuna juu wala chini."

"Kwetu liko tatizo," akasema imamu. "Mimi humuuliza shahidi pembe zilielekea wapi. Shahidi wa bomba hili atasema chini, nami nitamrudisha nyumbani kwake."

"Na ng'ombe mwenye pembe chini amelala chali," akaongeza muuza nyama.

Mhandisi akaligeuza bomba juu, ambako mwezi wa siku saba ulionekana mweupe mchana mchana, nusu yake. Akaniita. Nikavua miwani, nikaweka jicho. Niliona vilima, niliona mashimo yenye vivuli ndani, niliona ukingo umechongoka kama mkate uliomegwa. Nikasema subhanallah, nikarudia, machozi yakanitoka bila kuombwa. Nilivaa miwani nigeuke niwaambie wenzangu kwamba hii ndiyo ya kununua.

Nilipogeukia jua, nikauona mwezi mwingine. Mwembamba, unang'aa, kushoto kidogo ya jua, pembe juu. Ulikuwa uleule wa Shaabani. Nikageuza kichwa; nao ukageuka. Ukapita kwenye minazi, ukapanda paa la mhandisi, ukatua kwenye kipaji cha muuza nyama na kukaa pale. Nikavua miwani. Kipaji kikawa kitupu. Nikakitazama kioo: kulikuwa na mkwaruzo mmoja uliopinda, na jua likiupiga kwa ubavu uliwaka.

Hakuna aliyejua. Wenzangu walikuwa wakibishana kuhusu pembe. Ningeweza kuifuta miwani kwa kanzu, nikanyamaza, nikaapa tena mwaka unaofuata juu ya jambo jingine. Nilisimama pale kwa kadiri ya kusoma Alhamdu moja.

"Sheikh," nikamwambia imamu, "mwezi wa mwaka jana uko hapa." Nikampa miwani, nikamwonyesha pa kusimama.

Aliivaa. Alitazama jua, minazi, paa. Alipofika kwenye kipaji cha muuza nyama mabega yake yakaanza kutikisika, akaketi ukingoni mwa veranda akacheka mpaka kofia ikaanguka. Muuza nyama akamnyang'anya miwani, naye akatazama.

"Siku thelathini na moja," akasema taratibu. "Kwa kioo."

Imamu akajifuta macho. "Maalim, aliyetoa ushahidi dhidi ya nafsi yake bila kuulizwa, mimi sina sababu ya kulikataa neno lake. Nimelirudisha. Sasa shahidi, tununue ipi?"

Nikasema hii ya hapa, na kila atakayetazama aseme kwanza kama ametumia jicho au bomba. Imamu akaridhia. Muuza nyama hakubisha hata kidogo.

"Imemkamata mtu kabla hatujailipia," akasema, akaenda kufungua nyuma ya pikapu. "Panda huku uishike isigongwe. Na hiyo miwani ivue, nisije nikafungishwa Rajabu."

Nikapanda, nikaikumbatia mpaka Temeke, nikimshukuru Mola njia nzima.