Fisi wa Kibarazani

Jina la Bi Msonyo hakupewa na mama yake. Alilifanyia kazi mwenyewe, kwa jasho, tangu ujana. Watu wengine husonya wakikasirika au wakichoka. Yeye alisonya akiwa mzima wa afya, amekula na kushiba. Alikuwa na msonyo wa kitambaa kibaya, na msonyo wa mteja aliyenenepa tangu vipimo vya mwisho halafu akamlaumu fundi. Ule mrefu kuliko yote, wa kuvutwa kutoka kwenye magego, alimwekea shemeji yake peke yake.

Kazi yake ilikuwa ushonaji, na kazi hiyo aliiweza. Kibaraza chake kilitazama njia panda ya kijiji, na kutwa nzima alikuwa pale na cherehani yake ya kukanyaga, futi shingoni, pini mdomoni, macho barabarani. Hakuna aliyepita asipandishwe na kushushwa kwa macho. Mwalimu mkuu alipita, akaambiwa suruali yake imemkimbia miguu. Bibi harusi alipita, akaombewa dua ya huruma. Mume wa Bi Msonyo alikuwa amekufa zamani, na wenye midomo mibaya walisema marehemu alitangulia kupumzika masikio.

Huyo shemeji, mume wa mdogo wake, alikuwa amemtaka Bi Msonyo kwanza. Enzi hizo alikuwa kijana anayezungusha picha za mashine ya kuangulia vifaranga, mashine ambayo hakuna aliyewahi kuiona. Alimfuata bombani, mbele za watu, akajieleza kwa adabu. Bi Msonyo akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Rudi ukipata kazi. Na ukipata shati." Bomba zima likacheka. Kijana akaondoka zake, na baada ya kitambo akamposa mdogo mtu, naye akakubaliwa. Gauni la harusi alilishona Bi Msonyo mwenyewe, tena alilishona vizuri mno, maana dharau yake haikuwahi kuingia kwenye mshono.

Tangu hapo shemeji alikuwa mwenyekiti wa kila mradi uliokufa: mwenyekiti wa nyuki, wa sungura, wa bwawa la samaki lililogeuka la vyura. Basi lilipokuja shirika moja na habari za njia ya urithi, ya kutembeza watalii, kila mtu alijua nani atakuwa mwenyekiti.

Mkutano ulifanyika uwanjani, kukiwa na binti mmoja wa mitambo aliyetumwa na shirika kueleza mambo. Akasema nguzo zitasimikwa kuanzia ofisini, zishuke mtoni, zizunguke bwawa na kuishia kwenye kile kipande cha msitu kilichobaki. Mgeni atasimama kwenye nguzo na kuinua simu. Kioo kitamwonyesha mahali palepale aliposimama, ila juu yake watatokea wanyama na miti iliyokuwapo zamani, wakitembea, wakilia, kana kwamba hawajaondoka.

Bi Msonyo akanyoosha mkono. "Kwa hiyo tumekata msitu, tumewafukuza wanyama, na sasa tutawatazama kwenye simu?"

"Ndiyo, mama," akajibu binti bila kinyongo. "Ndivyo ilivyo."

"Shemeji, waache wageni waseme," mwenyekiti akanong'ona.

Ndipo ule msonyo mrefu ulipotoka. Watu wa nyuma kabisa waliusikia.

Hata hivyo njia ilifunguliwa, na wageni wakaja. Bi Msonyo hakuwahi kupata malisho mazuri namna ile kwa dharau yake. Alimwona mwanamume mzima akiuomba radhi mti aliougonga. Alimwona mwingine akirudi kinyumenyume, simu juu, amwone vizuri tembo, mpaka akaketi mtaroni. Akaona kundi zima limesimama kumtazama ndege mdiria wa kwenye kioo, na mdiria wa kweli, wa buluu, ametulia juu ya waya wa umeme akiwashangaa. Hakuna aliyeinua shingo. "Wana macho ya kukodi," alimwambia mdogo wake, ambaye alipata kibarua cha kufuta na kugawa simu za ofisini, na kila jioni alipita kumjulia hali dada yake. Mdogo mtu akacheka kidogo, akasema, "Haya, dada," kama alivyosema maisha yake yote.

Nguzo moja ilisimikwa pale njia panda, mkabala na kibaraza. Siku za kwanza wageni walipoinua simu kumwelekea, Bi Msonyo aliwafokea. Hawakuondoka. Walitazama kioo, wakamtazama yeye, wakatazama kioo tena. Wengine walishika vifua kwa mshangao. Wengine walitabasamu mpaka magego, wakamshukuru, wakapunga mikono.

Taratibu wazo likamwingia. Kwani yeye si urithi? Ni nani mwingine bado anashona kwa kukanyaga, anayeweza kutazama bega la mtu na kukata mkono wa shati bila kupima mara mbili? Watu wa mbali, wenye kujua thamani ya vitu, wamekuja kuitazama kazi ya mikono yake. Akaipaka cherehani mafuta, akaisugua mpaka maandishi yake ya dhahabu yakaonekana. Akatoa sandukuni gauni la kahawia lenye lesi shingoni, lililokuwa likisubiri tukio la maana. Akageuza kiti ili upande wake mzuri uelekee njia. Wageni walipofika alikanyaga taratibu, kidevu juu, akijifanya hawaoni.

Ukidhani sifa zilimlainisha, hukumjua. Dharau yake kwa wanakijiji ilipanda daraja. "Nyinyi mmenipita hapa tangu mzaliwe na hamjawahi kuniona," alimwambia mteja aliyefuata zipu. "Imebidi waje watu na mitambo." Mdogo wake alikuwapo, ameketi kwenye ngazi. Hakusema, "Haya, dada." Aliinama akatafuta kitu sakafuni ambacho hakikuwapo.

Ikawa hivyo msimu mzima wa kiangazi, na kusema kweli, ulikuwa msimu mzuri kuliko yote aliyowahi kuishi.

Halafu akaja mama mmoja mgeni, mcheshi, na mtoto mgongoni. Aliinua simu, akapiga ukelele, akaanza kucheka hadi mtoto akaamka. "Samahani, mama," akasema akifuta machozi. "Lakini mmezoeana! Amekuwekea miguu hapo kama mtu aliyekuja kupimwa suti."

"Nani?"

"Huyu hapa." Akapanda kibarazani, akampa simu yake, huku mwenzake aliyebaki barabarani akielekeza ya kwake kwao, maana picha ya simu moja iliruka kwenye nyingine. Hata hivyo Bi Msonyo hakuwa akijali ufundi wa jambo lenyewe.

Alijiona yeye. Aliiona cherehani inayong'aa, aliona lesi. Na kando yake, miguu ya mbele juu ya meza ya cherehani, kichwa kikiwa karibu na sikio lake, alikuwapo fisi. Fisi mkubwa, mwenye madoa, mgongo umeshuka, mdomo wazi. Alikuwa akicheka. Alicheka, akanyamaza, akalitazama sikio la Bi Msonyo kana kwamba limesema jambo, akacheka tena.

Cha ajabu ni kwamba hakumtazama fisi kwa muda mrefu. Aliutazama mdomo wake mwenyewe. Mdomo wa juu ulikuwa umebetuka upande mmoja, umekunjwa, na alipojaribu kuukunjua, kwenye kioo haukukunjuka. Hakuwahi kujua kwamba anaonekana hivyo. Kumbe ndiyo sura ambayo watu wote wa njia ile walikuwa wakipishana nayo asubuhi na jioni, miaka nenda miaka rudi.

Akarudisha simu. Akashuka ngazi na futi shingoni, na lile gauni lake, akaenda moja kwa moja ofisini.

Ofisi ya njia ilikuwa chumba kilichokuwa stoo ya mbolea; picha za ndege zilibandikwa ukutani lakini harufu haikudanganyika. Binti wa mitambo alikuwa kwenye kompyuta. Shemeji alikuwa anapanga viti. Mdogo wake alikuwa dirishani na kitambaa, anafuta simu.

"Nani aliniwekea fisi?"

Shemeji akakohoa. "Ramani, shemeji. Unajua, ile ramani ndiyo…"

"Ramani haina mikono!"

Binti akageuka. "Mama, wanyama tuliwapanga kwa maelezo ya wenyeji. Tuliambiwa kona ile zamani ndiko fisi walikokuwa wakipita."

"Mliambiwa na nani?"

Bi Msonyo akamgeukia shemeji yake, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya bombani akamtazama usoni. "Ni wewe. Miaka yote hii, umezeeka, una wajukuu, bado unaumwa na habari ya shati?"

Shemeji akatazama viatu vyake.

"Ni mimi, dada," akasema mdogo wake.

Aliitua simu mezani polepole, akaikunja ile nguo ya kufutia. "Waliuliza fisi alipita wapi. Baba alisema walipita njia panda, na walipita bwawani pia. Ningeweza kusema bwawani. Nikasema kwa dada."

"Wewe?"

"Mimi."

"Kwa lipi nililokukosea?"

Mdogo mtu akacheka kidogo, lakini si kicheko kile cha kila jioni. "Siku uliyonipima gauni la harusi ulinisimamisha kwenye kigoda, mikono juu, pini kila mahali. Ukaniambia nimeokota ulichotupa. Halafu ukaendelea kupima. Nilikuwa na pini kwapani, dada. Sikuweza hata kushusha mkono nijifute macho. Na tangu siku hiyo, kila nikipita kwako nyumba yangu inasonywa, mume wangu anasonywa, na mimi nasema 'haya'. Nikataka angalau mara moja wewe ukae kwenye kigoda na watu wakucheke, nawe usijue la kufanya na mikono yako."

Bi Msonyo alifungua kinywa. Dharau alikuwa ameiuza maisha yake yote, rejareja na jumla, lakini hakuwahi kuinunua, na sasa alipoletewa hakujua inashikwaje. Maneno yote makali aliyokuwa nayo yaligoma. Lililotoka lilikuwa dogo na la ajabu.

"Ungeniambia. Nimekuwa nikivaa gauni la lesi."

Binti wa mitambo aliangua kicheko, akajiziba mdomo haraka. Mdogo mtu naye kilimponyoka. Shemeji, ambaye ndiye aliyekuwa na haki ya kucheka kuliko wote, hakucheka. Alichukua kiti kimoja kati ya vile alivyokuwa akipanga, akamsogezea. Bi Msonyo angeweza kustahimili vicheko vya kijiji kizima. Kiti kile kilimshinda.

"Nitamhamisha kesho, mama," binti akasema.

"Mhamishe leo," akasema, akaondoka bila kukaa.

Fisi akahamishiwa bwawani. Kuanzia siku iliyofuata wageni walipita njia panda kama mtu anavyopita ukuta. Hakuna aliyesimama, hakuna aliyepunga mkono. Bi Msonyo akarudisha kiti chake kilivyokuwa, na gauni la kahawia likarudi sandukuni. Mdogo wake hakupita tena jioni. Wateja walipouliza habari za wageni, alisema ni vipofu wenye betri, na jambo hilo bado aliliamini kwa moyo wake wote.

Njia nayo haikudumu, kama alivyotabiri. Mvua zilipokuja nguzo zikainama, programu ikataka kusasishwa, simu za ofisini zikagoma, binti wa mitambo akapelekwa kijiji kingine kufufua wanyama wengine. Lakini kila asubuhi Bi Msonyo alimwona shemeji akipita na ufagio begani, kwenda kufagia ofisi ambayo hakuna anayeiingia. Asubuhi ya kwanza alisonya. Ya pili alisonya, lakini kifupi. Kuna siku alimwona akisimama penye nguzo ya njia panda, akiinyoosha kwa mabega, akiishindilia mawe, akirudi nyuma kuitazama, naye akajikuta amesahau kukanyaga cherehani.

Siku moja ya Jumapili, baada ya mvua kukatika, alifunga mlango akaenda kwa mdogo wake. Nyumba ile hakuwahi kuiingia ila penye msiba. Alimkuta shemeji uani, mikono imejaa povu, anaosha vyombo. Akamkagua, hakuweza kujizuia: suruali imekunjwa magotini, na sufuria anaisugua nje tu.

"Mdogo wangu yupo?"

"Amejilaza kidogo. Nimwamshe?"

"Mwache alale."

"Basi kaa, shemeji. Nakuletea chai."

Akakaa. Chai ikaja, nayo ilikuwa maji ya moto yaliyopitiwa na majani kwa mbali. Aliinywa yote, akamwambia waziwazi kwamba hajawahi kunywa chai mbaya namna ile, kisha akakisogeza kikombe mbele aongezewe.