Boti ya Fundi Cherehani

Fundi cherehani alishuka basi kwenye bandari asiyoijua akiwa ameshaamua: atanunua boti kubwa ya injini, ya watu wanane. Alimweleza muuzaji kuwa maisha yake yote ameshona nguo za watoto kwa kubakiza pindo, maana mtoto hukua.

Muuzaji akacheka, akampandisha. Mzee alipita akigusa viti: hiki cha kifungua mimba, hiki cha binti, hivi vya wajukuu. Wote waliishi mbali, na kila wakipiga simu walisema watakuja. Alipofikia kile ambacho kingekuwa cha marehemu mkewe, alirudisha mkono.

“Nipe ile ndogo,” alisema mwishowe.

“Baba, leo hubakizi pindo?”

“Pindo ni la anayekua, mwanangu. Mimi nguo imeshanipwaya.”

Ile ndogo ilikuwa na benchi moja. Akakaa pembeni, kama alivyozoea kukaa enzi mkewe alipokuwa ubavuni mwake.

“Sogea katikati, baba, boti inalala upande.”

Alisogea kwa adabu, akawasha injini, akaondoka. Muuzaji, aliyebaki gatini, alimwona akirudi pembeni taratibu, na boti ikaenda vivyo hivyo, imeinama.