Simu ya Muuguzi

Kwenye duka la dobi walimwita Mama Zipu, kwa sababu hakuna zipu iliyowahi kumshinda. Alikaa chumba cha nyuma, kati ya makoti yanayongoja vifungo na suruali zilizochanika mapajani. Aliyemsemesha humo alikuwa mpiga pasi tu.

"Leo ndiyo ile Jumanne, eh? Una mchumba wewe. Simu ikilia unaruka kama umekalia sindano."

"Mchumba gani wa kuniuliza habari za choo?"

Mpiga pasi alicheka mpaka mvuke ukampalia. Hakujua kwamba ameambiwa kweli tupu.

Miaka miwili nyuma, Mama Zipu alikatwa titi la kushoto kwa saratani. Matibabu yalipokwisha, hospitali ilimwomba aingie kwenye utafiti: ameze kidonge kimoja kila siku, ili ijulikane kama aspirini inasaidia ugonjwa usirudi. Nusu ya wanawake walipewa aspirini, nusu vidonge visivyo na dawa, na hakuna aliyejua chake ni kipi, hata muuguzi. Alitia sahihi upesi. Ugonjwa aliuogopa, lakini kilichomvuta zaidi ni kwamba muuguzi angepiga simu kila mwezi. Mume alikwishatangulia mbele ya haki. Binti aliolewa mbali, huandika "upo mama?" na kupotea kabla hajajibiwa. Nyumbani, sauti iliyobaki ilikuwa ya friji.

Sasa wiki tatu tumbo linamuunguza, na tangu Jumamosi choo ni cheusi kama lami. Karatasi ya utafiti ilisema wazi: ukiona hivyo, huenda damu inavuja tumboni; acha kidonge, toa taarifa. Kidonge aliacha. Taarifa ndiyo aliyoificha, maana wangemtoa, na simu zingekoma.

Simu ikalia saa nne. Akatoka nayo uani, kwenye kamba za mashuka.

"Shikamoo mama. Vimebaki vidonge vingapi?"

"Marahaba, mwanangu. Vinne." Vilikuwa vinane.

"Hodari! Na tumbo?"

"Zuri."

"Basi mama, tutaongea mwezi uja..."

"Ngoja. Mwanangu, nimekudanganya."

Akasema yote, hata sababu.

"Kizunguzungu unacho?"

"Nikisimama."

"Usiviguse tena. Njoo hospitali sasa hivi."

"Na simu zako?"

"Tutaendelea kukufuatilia, mama. Ila asiyemeza vidonge tunampigia mara moja kwa mwaka." Sauti ilishuka. "Usije peke yako. Una mtu wa kukuleta?"

Mwaka mzima wa maswali, hili ndilo lililomshinda. Shuka bichi lilimgusa shavu.

"Ninaye," alisema, akakata simu.

Alijishika ukutani mpaka mlangoni. Mpiga pasi alikuwa amempa mgongo, akinyoosha kola. Miaka yote ya kufanya kazi pamoja, Mama Zipu hakujua hata mwenzake anakaa mtaa gani.

"Kaka," akaanza.