Sanduku la Nzi Wanaong'aa

Mume wangu alipokufa aliacha nguo chache, baiskeli, na sanduku la mbao lenye nzi waliochomwa sindano. Walikuwa wazuri, wengine kijani, wengine buluu, wote waking'aa kama bati jipya juani. Alikuwa mfanyakazi wa kituo cha kilimo hapa Kalemie. Alikusanya nzi wanaotaga mayai juu ya viwavi wa mashambani, ili watoto wao wawale viwavi hao kutoka ndani, kisha alitafuta kila mmoja ni wa aina gani. Nyumbani hakunieleza mengi. Mimi niliishia darasa la sita, naye hakuwa mtu wa maneno.

Matanga yalipokwisha, akaja mwanamke aliyefanya kazi naye. Kwenye mazishi alilia kuliko mimi, na jambo hilo nilikuwa bado nalo moyoni.

"Pole tena, Mama. Nimekuja juu ya sanduku. Kazi yetu haiyaisha."

Kazi yetu! Nilimwambia sanduku halitoki. Vilikuwa vitu vya mwisho alivyogusa. Kama anataka kuwatambua nzi, awatambulie mezani kwangu, nikiona.

Wifi yangu, aliyebaki nami baada ya matanga, akacheka jikoni.

"Wenzako wanaachiwa watoto wa inje, weye umeachiwa mainzi. Na bado unafanya wivu!"

Jumamosi, siku ya posho, yule mwanamke alikuja na lupe, kioo chake cha kukuzia, na kibanio chembamba. Niliketi karibu naye kama askari. Ili ajue kwamba na mimi nilimfahamu mume wangu, nikamwonyesha zile sindano.

"Ugonjwa uliomuua ulikuwa umeshafika mikononi, hakuweza tena kulenga. Angalia, hakuna hata mmoja aliyechomwa katikati."

"Hapana, Mama. Tunachoma pembeni makusudi, upande wa kuume. Mgongoni kuna vinywele vinavyoonyesha aina. Ukiharibu vya upande mmoja, vya upande mwingine vinabaki. Njo vile yeye alinifundisha."

Alisema kwa upole. Afadhali angesema kwa kiburi. Nililala kando ya mikono ile miaka yote ya ndoa, na kumbe ni mwanamke huyu aliyejua kwa nini ilichoma pembeni.

Akanipa lupe nione. Chini ya mgongo, juu kidogo ya kiuno, kulikuwa na kinundu. Nzi wa viwavi wanacho, akasema. Nzi wa nyama, hata ang'ae namna gani, hana. Nilikiona vizuri, na badala ya kufurahi nikawaza kwamba mume wangu alisimama nyuma ya bega lake kumwonyesha hivihivi.

Aliendelea mpaka kwenye kona ya sanduku, akasita.

"Huyu simuelewi. Ni nzi wa nyama tu. Hata mutu anayeanza kazi hawezi kumuchanganya na hawa wengine."

Akapeleka kibanio amtoe. Nzi huyo alikuwa amekosa mguu mmoja, nami nikamjua. Nilimkamata mimi, kwa glasi, juu ya samaki, mikebuka niliyokuwa nimeanika uani, na mguu ukakatikia kwenye ukingo wa glasi. Nilimpelekea mume wangu mbio kama mtoto, ili na mimi niwe na nzi wangu kati ya wale wake. Alimgeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha, akasema, "Aksanti, Mama," akaenda kutafuta sindano.

"Papa marehemu angeweza kukosea huyu?" nikamuuliza yule mwanamke.

"Yeye? Hata siku moja."

"Basi, muache."

"Lakini alitoka wapi, Mama?"

Mengine yote aliyajua; hilo nilimnyima. Nikaing'oa sindano ile kwa mkono wangu, nzi akiwa juu yake, nikamsukumia sanduku na nzi waliobaki aende nalo.