Wageni Walivyolimaliza Jua

Juzi pale Tibirinzi niliwaona watoto wa skuli wakiwaimbia wageni mbele ya darubini ya kutazamia jua, na hasira ya utotoni ikanipanda upya.

Siku moja nilipokuwa mtoto, kijijini kwetu tuliimba kasida mchana kutwa, harufu ya karafuu zilizoanikwa ikitukaa kooni, huku wageni rasmi wakipokezana darubini iliyoletwa kwa ajili yetu. Zamu yetu ilipofika, wingu likatanda.

"Basi tena, wanangu," akasema mwalimu wetu, Bi Asha.

Niliamini wageni wamelitazama jua mpaka wamelimaliza. Leo najua jua halimalizwi kwa macho.

Basi juzi pale Tibirinzi nikamwambia mwalimu wa watoto wale, "Waacheni watoto watazame kwanza."

"Wageni kwanza, Bi," akanijibu kwa adabu.

Nikatazama juu. Wingu lilikuwa linakuja.