Malengelenge ya Tanurini

Gerejini walimwita Msasa, na aliyemtungia jina hilo hakulitunga kwa mapenzi. Alikuwa amepaka rangi pikipiki miaka kumi na mmoja bila kumwambia mtu yeyote "pole". Gereji ilikuwa ya kaka yake. Msasa alisugua na kupaka. Kaka alikausha vipuri kwenye tanuri alilolitengeneza mwenyewe kwa kabati la chuma, na ole wake aliyeligusa.

Hawakupikika chungu kimoja tangu utotoni, lakini mwaka ule malengelenge yaliwachonganisha zaidi. Matangi yaliingia tanurini yaking'aa, yakatoka na vipele tele, kama ngozi iliyomwagikiwa maji ya moto. Siku mteja mmoja alipokuja kuchukua tangi lake jekundu, kaka alimnyooshea dada yake kidole mbele ya watu.

"Muulize huyo. Anapaka rangi kama anapiga plasta."

Msasa alikuja juu. "Mimi nakukabidhi tangi, wewe unanirudishia ugonjwa!"

"Tanuri langu halina neno."

"Halina. Mwenye neno ni wewe. Hata chai huwezi kuisubiri ipoe!"

Mteja aliondoka akisonya. Wiki nzima ndugu hao hawakusalimiana, na katika kimya hicho Msasa alimchunguza kaka yake. Akaona: rangi ikiwa bado mbichi, kaka alisukuma kipuri ndani na kufungulia moto mpaka mwisho ili amalize mapema. Rangi ya juu ilikauka upesi ikafanya utando. Thina, ile dawa ya kuzimulia rangi, iliyobaki chini ikakosa pa kutokea, ikachemka na kuivimbisha.

Asubuhi moja alichukua madigadi mawili chakavu ya kukingia matope, akayapaka rangi ile ile. La kwanza akampa kaka.

"Lioke unavyojua."

Lilipotoka, alisubiri tanuri lipoe. Lile la pili lilikuwa limetundikwa zaidi ya nusu saa, thina ikijitokea yenyewe. Akamsukuma kaka kwa kiwiko, akaliingiza, akapandisha moto kidogo kidogo, macho yasibanduke kwenye kipimajoto.

Aliyabwaga yote mezani yalipopoa. La kaka lilikuwa na vipele kila mahali. Lake lilikuwa laini kama kioo. Fundi wa injini alicheka. Kaka akamtupia jicho, naye akarudi kwenye injini yake.

"Bahati tu," kaka akasema.

"Bahati mama yako!" Msasa alifoka, akasahau kwamba mama yao ni mmoja.

Kesho yake alikuta tanuri limepigwa kufuli. Hakubembeleza. Alifungasha bunduki yake ya rangi, akaenda zake nyumbani, akakaa huko wiki tatu. Kaka alipaka mwenyewe, akaoka mwenyewe, na wateja wakamrudishia matangi moja baada ya jingine, wengine kwa matusi. Mwishowe alimtuma mkewe apeleke ufunguo.

"Amesema nini?" Msasa aliuliza.

"Hajasema kitu, wifi. Amenirushia tu."

Msasa alirudi, na tangu siku hiyo tanuri likawa lake. Malengelenge yalikwisha. Kaka hakuomba radhi, naye Msasa hakusahau kile kidole. Wakienda kumwona mama, mmoja hukaa sebuleni, mwingine jikoni, na mama, aliyechoka kuwabebea maneno, huongea na kila mmoja kivyake.