Majina Yasiyotajwa Wadini

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, nyumbani kwetu Al Khoudh ilikuwa mwiko kumwita mtu kwa jina lake mkiwa wadini. Sheria hiyo ilikuwa ya bibi yangu, mama yake baba, aliyezaliwa Unguja na kuja Maskati akiwa mtu mzima. Sote bonde lile la kokoto tuliliita wadi, kama wanavyosema Waarabu. Yeye peke yake aliuita mto, na ami yangu hakuchoka kumtania.

"Mto gani huu, Mama, mbuzi anavuka bila ya kulowa kwato?"

"Nyamaza wee! Mto umelala tu. Ukisikia jina unalishika, na siku ukiamka unamfata mwenyewe."

Siku hizi nafundisha jiografia sekondari ya wasichana, huko Sib, na mto ule naweza kuueleza kwa ramani. Unaanzia ndani, katika milima ya Hajar ya kaskazini, unapita kwenye pengo linaloigawa milima hiyo mapande mawili, kisha unashuka Khoudh na kutawanyika tambarare kuelekea baharini. Misafara ya ngamia ilifuata njia hiyohiyo kabla ya lami. Kwa sehemu kubwa ya mwaka ni kokoto na vidimbwi, lakini mvua ikinyesha huko juu, maji huja bila taarifa huku chini jua likiwaka. Utotoni sikujua lolote kati ya hayo. Nilijua habari ya majina tu.

Ijumaa moja baada ya sala tulikwenda kuchoma mishikaki. Baba aliegesha gari juu ukingoni, sisi watoto tukateremka kwenye kokoto. Kwa kuwa hakuna aliyetajwa jina, alasiri nzima zilikuwa kelele za njoo, lete, hebu ona, na mdogo wangu Raya, wa miaka sita, alikwishazoea kutozijali. Mimi nilipanda kufuata mkate. Nilipogeuka, wenzetu walikuwa wameshapanda nyuma yangu, na Raya alikuwa peke yake katikati ya wadi, amechutama, kanipa mgongo, anavua visamaki kwa kikombe.

Juu kidogo niliona mstari wa maji, rangi ya chai ya maziwa, ukikata kona na vijiti na chupa za plastiki. Kisha nikasikia mngurumo, kama lori linalomwaga kokoto.

"Njoo! Njoo!"

Hakugeuka. Jina lake lilifika ulimini nikalimeza. Niliamini kabisa kwamba nikilitamka, basi, nimemkabidhi kwa mto. Nilijichukia kwa ukimya ule, na hadi leo najichukia kidogo.

Ndipo nikaita langu.

"Zuwena! Zuwenaaa!"

Raya aliruka kama aliyeungua. Akatupa kikombe, akaja mbio huku analia, "Usijitaje, dada! Utachukuliwa!" Akapanda ukingo na kunifunika mdomo kwa kiganja chenye matope. Pale alipokuwa amechutama hapakuonekana tena kokoto hata moja.

Bibi alipohadithiwa hakunigombeza. Alinishika kichwa akanisomea mpaka sauti ikamkauka, na kwa wiki kadhaa alinilaza kitandani kwake. Niliogopa vibaya sana. Nilikuwa nikingoja kuchukuliwa, hata mfereji wa shambani sikuthubutu kuuruka.

Bibi ametangulia mbele ya haki, Mwenyezi Mungu amrehemu. Nimejaribu mara nyingi kuamua kama sheria yake ilitaka kutuua au ndiyo iliyotuokoa, na sijafika popote. Wanafunzi wangu nawaambia waangalie mawingu ya milimani, basi.

Jambo moja tu sijawahi kulisema, hata kwa Raya, ambaye sasa ana wanawe. Nyumbani hadithi hii ikisimuliwa, kila mtu husema nilimwokoa mdogo wangu, naye hunibusu mkono mbele ya wageni. Lakini mimi ndiye niliyekuwa namtazama usoni alipokuwa akikimbia. Hakugeuka nyuma hata mara moja. Maji hakuyaona. Alikuwa anakuja kuniokoa mimi.